Kata mmoja, panda miwili: hesabu isiyotimia

Swali la msomaji: "Nina mti mkubwa uwanjani, kama mita sita kutoka ukuta wa nyumba. Nilipojenga niliukuta umeshakuwa mkubwa. Shina lake halikumbatiki na mtu mmoja. Mwaka huu tawi nene lilianguka siku isiyo na upepo, na chini ya shina pameota uyoga mgumu. Fundi mmoja anataka tuukate kichwa ubaki na matawi mafupi. Mwingine anasema tuuondoe kabisa na kupanda miche miwili kwenye shimo lilelile, maana ndivyo inavyosemwa, kata mmoja panda miwili. Sitaki kukosa kivuli, wala sitaki mti uniangukie. Nianzie wapi?"

Jibu

Anza na mche. Msumeno uje baadaye, isipokuwa mti uwe umefika hali ya kuondolewa wiki hii, na dalili za hali hiyo nitakutajia. Kuangusha mti ni kazi ya siku moja au mbili. Kuurudisha ni kazi ya miaka kumi na tano, ishirini, pengine zaidi, na kila mwaka ambao mche unakua huku mti wa zamani ungali umesimama ni mwaka wa kivuli ulioupata bure. Wengi huenda kinyume. Hukata kwanza, huhangaika na kisiki mwaka mzima, kisha hununua mche wowote waliokutana nao kitaluni na kuuchomeka palipo wazi.

Mafundi wako nisingemfuata hata mmoja, ingawa kwa sababu tofauti.

Huyu wa kukata kichwa ndiye anayenitisha zaidi. Mti hula kwa majani. Ukiyaondoa yote kwa mkupuo, unabaki kuishi kwa akiba iliyo kwenye shina na mizizi. Ukiwa na nguvu utatoa machipukizi mengi kwa haraka, nawe utafurahi ukidhani umezaliwa upya. Lakini machipukizi hayo hayakuanzia ndani ya mti kama matawi ya asili. Yameshikwa na tabaka jembamba la mbao karibu na gome, pembeni mwa kidonda kinachoanza kuoza. Miaka michache baadaye una matawi mazito kama yale ya kwanza, yaliyoshikika vibaya kuliko yale ya kwanza. Wapogoaji makini hawaondoi zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee hata robo ni nyingi.

Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya miti ili aone yaliyomo ndani, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kwa namna mnyama anavyopona. Haurudishi mbao iliyooza. Hujenga kuta za kuuzingira uozo, halafu hukuza mbao mpya kwa nje. Mkato mdogo mahali tawi lilipotokea huzingirwa vizuri. Mkato unaopita katikati ya shina zima hauzingiriki, na uozo hushuka.

Sasa uyoga wako. Uyoga mgumu unaotoka kwenye shina, wa jamii kama Ganoderma, ni tunda tu la kuvu ambayo imekuwa ndani ya mbao kwa muda mrefu kabla hujaiona. Kuung'oa ule uyoga hakusaidii kitu. Wala kuuona si hukumu ya kukata. Shina lenye pango laweza kusimama miongo kadhaa, kwa sababu bomba nalo ni tupu ndani na bado hubeba mzigo. Kinachohesabiwa ni unene wa ukuta uliobaki. Mjerumani Claus Mattheck, aliyechunguza miti mingi iliyovunjika na iliyosimama, alifikia kipimo kinachotumiwa sana: ukuta wa mbao nzima ukishuka chini ya theluthi hivi ya nusu kipenyo, uwezekano wa kuvunjika huongezeka. Shina la sentimita 60 lina nusu kipenyo cha sentimita 30, basi unatafuta angalau sentimita 10 za mbao ngumu kuzunguka pande zote. Ni kipimo cha kuanzia, na hakifai kutegemewa peke yake pango likiwa limefunguka upande mmoja au mti ukiwa umeinama. Mtaalamu hugonga shina kwa nyundo ya mbao akisikiliza mlio, kisha hutoboa kwa sindano ndefu ya mashine inayopima ukinzani wa mbao.

Kinachonipa wasiwasi kwako ni mahali uyoga ulipo. Uyoga wa chini kabisa, penye maungio ya shina na mizizi, unaweza kumaanisha mizizi yenyewe inaliwa, na mti wa namna hiyo hauvunjiki, hung'oka mzima ukiwa na majani mabichi kichwani. Kwa hiyo usitazame juu tu. Zunguka shina siku yenye upepo. Kama udongo upande mmoja unapanda na kushuka, kama ardhi imepasuka kwa mstari wa upinde upande ulio kinyume na mti unakoinamia, kama mti umeinama mwaka huu na mwaka jana haukuwa hivyo, au kama shina lina ufa mrefu unaopanuka upepo ukivuma, hizo ndizo dalili za wiki hii. Ondoa watu na magari chini yake, usingoje mche wala ushauri wangu mwingine.

Tawi lililoanguka siku tulivu si ushahidi mzito hivyo. Hutokea hata kwa miti mizima, hasa alasiri za joto kali. Angalia ncha iliyovunjika. Mbao nyeupe yenye nyuzi ndefu zilizochanika ni habari moja. Mbao ya kahawia inayomeguka kwa kidole ni habari nyingine kabisa.

Tuseme dalili za hatari ya papo hapo hazipo, lakini uozo upo na mti utapaswa kuondoka. Unaweza kuupunguzia mzigo kwa kufupisha matawi yanayoelekea nyumbani, kiasi, ukanunua miaka miwili mitatu ya kuotesha mrithi wake. Usinunue zaidi ya hapo. Mti ukioza sana mpandaji hawezi tena kufunga kamba zake juu yake kwa usalama, kazi inageuka ya winchi kubwa au mashine ya kunyanyua watu, na bei inapanda pamoja na hatari. Nimeona watu wakiahirisha kwa kuuonea huruma mti mpaka ikafika hapo. Huruma hiyo hulipwa na mpandaji.

Kibali ulizia mapema. Nchi na miji mingi hukitaka hata kama mti uko uwanjani kwako, na mahali pengine kukata penye viota vyenye makinda ni kosa.

Unavyoshushwa

Nakueleza haya ili ujue unayemlipa anafanya nini, si ili uazime msumeno wa mnyororo kesho.

Palipo na nafasi, mti huangushwa mzima. Mkataji huchagua upande wa kuangukia, husafisha njia mbili za kukimbilia zinazoelekea nyuma kwa mshazari, moja kulia na moja kushoto, na kuhakikisha hakuna mtu ndani ya umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Upande wa maangukio hutoa kipande cha pembetatu, kina chake kati ya sehemu ya tano na robo ya kipenyo. Kisha hukata kutoka nyuma, lakini hafiki mwisho. Kati ya mikato miwili huacha ukanda wa mbao usioguswa, unene wake kama sehemu ya kumi ya kipenyo. Huo ndio bawaba. Mti unapoanza kuinama, bawaba huushikilia na kuuongoza mpaka uwe karibu na ardhi. Kwa shina la sentimita 60 maana yake ni pembetatu ya kina cha sentimita 12 hadi 15, na bawaba ya sentimita 6. Kabari hugongwa nyuma ya msumeno ili mti usirudi ukaubana. Mkataji anayepitisha msumeno mpaka upande wa pili ameikata bawaba, na kuanzia hapo mti huenda unakotaka wenyewe.

Mti ulioinamia upande wa maangukio una balaa lake. Ukikatwa nyuma polepole, shina hupasuka kwa urefu kabla mkato haujaisha. Nusu ya nyuma huruka juu kwa nguvu na kumpiga aliyesimama pale. Kwa miti hiyo wajuzi hutoboa shina kwa ncha ya msumeno nyuma ya mahali pa bawaba, wakaitengeneza bawaba kwanza, na kuacha kipande kidogo nyuma kabisa ambacho hukatwa mwisho, mkataji akiwa amesimama pembeni. Ukimwona mtu anakata mti ulioinama kwa mkato mmoja wa nyuma tu, sogea mbali.

Lakini mti wako hauna pa kuangukia. Ukiwa mita sita kutoka ukutani lazima ushushwe vipande vipande, kuanzia juu. Mpandaji hujifunga kwa kamba mbili wakati wa kukata, ili msumeno ukigusa moja abaki na nyingine. Kila tawi hufungwa kamba inayopita kwenye kapi lililofungwa juu, na mtu wa chini ndiye anayelishusha, akiwa amezungusha kamba kwenye shina au kwenye chuma maalumu cha kupunguza mwendo. Usidharau uzito. Gogo bichi la kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita moja tu lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.28, na kwa kuwa mbao mbichi nyingi zina uzito unaokaribia ule wa maji, hiyo ni kama kilo 280. Likiachiwa bila kamba kutoka mita tano litavunja bomba la maji lililofukiwa chini, achilia mbali vigae.

Tawi nene lenyewe hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, wa kina kidogo. Wa pili ni kwa juu, mbele zaidi ya ule wa kwanza, tawi likaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu huondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shina la tawi. Kwa mti unaoondoka wote mkato huu wa tatu hauna maana, bali kwa matawi unayoyafupisha ili mti usimame miaka miwili zaidi una maana kubwa, kwani kuta za kuzuia uozo hujengwa kwenye uvimbe huo.

Nyaya za umeme zikipita karibu kiasi kwamba tawi lolote laweza kuzigusa, kazi isianze mpaka shirika la umeme likate umeme. Kamba yenye unyevu na tawi bichi vyote hupitisha umeme.

Unayemchagua aje na kofia ngumu, kinga ya masikio na macho, suruali yenye nyuzi zinazosimamisha mnyororo, kamba zisizochakaa na angalau mtu mmoja wa chini anayejua kazi. Muulize msumeno huruka kwa sehemu gani. Kama hajui kwamba ni robo ya juu ya ncha ya upanga wake, yaani bapa linalobeba mnyororo, hajafundishwa. Akija na ngazi na kandambili, mpe maji ya kunywa na umuage.

Neno moja kabla ya kufika kwenye kisiki: si lazima shina lote liishie ardhini. Shina la mita nne lililo mita sita kutoka ukutani halifiki ukutani hata likianguka. Mahali ambapo watoto hawachezi, shina kavu lililoachwa hivyo hukaliwa na ndege watoboaji, popo na wadudu wengi wanaohitaji mbao iliyokufa, na miti michanga haiwezi kuwapa hao makazi. Kama uozo umefika mizizini, liwe fupi zaidi.

Udongo na kisiki

Jambo moja umelitaja kwa kupita tu, nami nalishika: mti uliukuta. Kama nyumba yako imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba ukinyeshewa, mti huo ulikuwa ukifyonza maji yake tangu kabla msingi haujachimbwa. Msingi ulijengwa juu ya udongo uliokwisha kukaushwa na kusinyaa. Mti ukiondoka, maji hurudi taratibu kwa miaka, udongo huvimba, na upande mmoja wa nyumba huinuliwa. Nyufa za namna hii hutokea muda mrefu baada ya mkataji kusahau jina lako. Mwite mhandisi autazame udongo kabla ya kukata. Kwenye udongo wa kichanga usijisumbue, haunywi maji na kuvimba kiasi hicho.

Kisiki nacho. Mti hauendi ila kwa nyenzo, walisema waliotangulia, na kisiki ndicho kinachowaaibisha wanaokiendea kwa sururu na hasira. Njia ya haraka ni mashine inayokisaga mpaka sentimita 20 au 30 chini ya ardhi. Njia ya mikono ni kuchimba pande zote, kukata mizizi minene mmoja mmoja, kisha kukiinua kwa mitaimbo na winchi. Kwa shina la sentimita 60 utachimba shimo kubwa, na mita sita kutoka nyumbani sitakushauri uvute mizizi inayoelekea msingini. Ikate, iache ioze palepale. Njia ya tatu ni kukiacha chote, kukikata usawa wa ardhi, kukifukia kwa udongo wenye unyevu na kusubiri. Kitachukua miaka, mbao ngumu hata zaidi ya kumi, ila hakidai chochote.

Moto siupendi. Huonekana umezima juu, kumbe unatambaa kwenye mizizi mikavu chini ya ardhi na kuibukia kwingine siku kadhaa baadaye. Dizeli na chumvi vilevile: vinaharibu udongo unaotaka kupandia, na kisiki hakioni tofauti kubwa.

Angalia kwanza kama mti wako ni wa kuchipua. Mkaratusi, mwarobaini, mjohoro na mlusina hurudi kwa nguvu kutoka kisikini. Misonobari mingi ikikatwa imekufa. Mti wa kuchipua, ukivunja machipukizi yote kila yanapotokea, kisiki huishiwa akiba na kufa, lakini ni kazi ya misimu kadhaa na ukisahau mara moja umeanza upya. Wanaotumia dawa ya kuua magugu, kama ile yenye glaifosati, huipaka dakika chache baada ya kukata, kwenye duara jembamba lililo ndani tu ya gome; kuimwagia katikati ni kupoteza dawa, maana mbao ya katikati imeshakufa. Kuna kikwazo kimoja. Miti ya aina moja iliyo jirani huungana mizizi chini ya ardhi, na dawa uliyopaka kwenye kisiki yaweza kuvuka na kuua mti ulioutaka. Kama una mwenzake wa aina hiyohiyo karibu, acha dawa.

Kwa nini si shimo lilelile

Hapa ndipo fundi wa pili anapokosea. Kisiki kilichosagwa huacha shimo lililojaa unga wa mbao. Unga huo ukichanganyika na udongo, vijidudu vinavyouozesha hufyonza naitrojeni yote iliyo karibu, na mche hugeuka njano ukiwa katikati ya chakula chake. Kadiri mbao inavyooza ardhi hutitia, na mche hutitia nayo mpaka shingo yake inafukiwa. Chini kuna mizizi ya zamani inayozuia mipya. Na kwako kuna la nne: kama mti uliuawa na kuvu ya mizizi, chakula cha kuvu hiyo bado kimo ardhini. Armillaria, kwa mfano, hutuma nyuzi nyeusi kutoka kisiki kilichokufa hadi kwenye mizizi ya mti mwingine ulio hai. Sogea mita kadhaa, chagua aina isiyo ya jamii ya ule wa zamani, na unga wa kisiki uondoe ujaze udongo.

Halafu ile hesabu. Kata mmoja panda miwili ni usemi mzuri wa kuwakumbusha watu kupanda, ila kama kipimo cha kulipa deni haufiki popote. Kichwa cha mti chenye upana wa mita 12 hufunika ardhi ya karibu mita za mraba 113. Mche wenye kichwa cha upana wa mita moja hufunika chini ya mita moja ya mraba. Ungehitaji miche 144 ili kurudisha kivuli hicho siku hiyohiyo, na bado kingekuwa kivuli cha kimo cha goti. Mji wa Bristol nchini Uingereza umejaribu kulifanya hili kuwa kanuni: mti unaopotea kwa ujenzi hulipwa kulingana na unene wa shina, na kwa shina la sentimita 80 au zaidi inatakiwa miche minane. Ni bora kuliko miwili, lakini hata minane haifiki mpaka miaka ipite na miche ipate nafasi ya kukua.

Nafasi ndiyo inayosahauliwa. Wewe huna mahali pa miti minane mikubwa, na ukiisongamanisha utapata minane dhaifu. Watafiti wa miti ya mjini hukadiria mita za ujazo 0.6 za udongo mzuri kwa kila mita moja ya mraba ya kichwa cha mti mkubwa. Ukitaka kichwa cha upana wa mita sita, yaani mita za mraba 28, unahitaji kama mita za ujazo 17 za udongo. Kwa kuwa mizizi mingi haishuki sana chini ya sentimita 80, hiyo ni ardhi ya mita za mraba 21 isiyofunikwa kwa saruji wala kushindiliwa na magari. Pima uwanja wako kwa hesabu hiyo. Nadhani utakuta una nafasi ya miti miwili au mitatu, na mitatu iliyokua vizuri itakupa kivuli kingi kuliko minane iliyobanana. Kumbe idadi ya fundi huenda ikawa sawa kwa bahati tu.

Ukipanda zaidi ya mmoja, changanya aina. Miji mingi ya Amerika Kaskazini ilipoteza miti yake ya jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) ya Ulmus kwa ugonjwa wa kuvu, ikajaza nafasi hizo, barabara baada ya barabara, kwa miti ya jenasi ya Fraxinus. Mwaka 2002 akagunduliwa katika jimbo la Michigan mbawakawa wa kijani kutoka Asia ambaye mabuu yake hula chini ya gome la Fraxinus, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni. Barabara zilezile zikawa wazi mara ya pili. Frank Santamour, mtaalamu wa vinasaba vya miti, alikuwa ameshaonya mwaka 1990: mjini spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja isizidi 20, familia moja isizidi 30. Kwa uwanja wa miti mitatu usikokotoe asilimia, panda aina tatu.

Mche na upandaji

Chagua mche mdogo. Najua unataka mkubwa ili upate kivuli mapema, lakini mti mkubwa uliohamishwa umeacha mizizi yake mingi kitaluni na hukaa miaka ukijenga mingine. Wazoefu hukadiria mwaka mmoja wa kupoa kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina. Mche mwembamba huanza kukua mara moja, na mara nyingi humpita mwenzake mnene kabla ya miaka kumi.

Kitaluni vua mche kwenye mfuko uone mizizi. Muuzaji akikataa, nenda kwingine. Mizizi iliyozunguka mfuko itaendelea kuzunguka hata ardhini, na miaka mingi baadaye hulinyonga shina. Michache myembamba yaweza kukatwa au kunyooshwa. Ile minene iliyojisokota chini ya shina ni sababu ya kuuacha mche huo hapo ulipo.

Shimo liwe na upana wa mara mbili au tatu ya mzigo wa mizizi, na kina chake kisizidi mzigo huo hata kidogo. Kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote ni mche uliozikwa. Pale shina linapopanuka kuingia kwenye mizizi panapaswa kuonekana juu ya ardhi. Toa mfuko wote, usiupasue tu. Rudisha udongo uleule uliochimba. Shimo likijazwa mboji tupu mizizi hubaki humo humo na kusita kutoka kwenda kwenye udongo wa kawaida. Mboji iweke juu, pamoja na matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yakiwa mbali kidogo na shina ili gome lisioze. Kama huna uhakika na udongo, jaza shimo maji kabla ya kupanda. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, tafuta mahali pengine au aina inayovumilia maji.

Kigingi kiwe tu pale mche unaposhindwa kusimama wenyewe. Ufunge chini, kwa kitu laini, uweze kuyumba kidogo, kwani kuyumba ndiko kunakonenepesha shina. Baada ya mwaka kitoe. Maji yawe mengi kwa nafasi, si kidogo kila siku, kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza.

Panda mwanzoni mwa mvua, au kwenye nchi za baridi kali wakati miti haina majani. Weka miche nje ya kichwa cha mti wa zamani, ambako inapata jua la kutosha na hamna mizizi minene ya kushindana nayo, tena mahali ambapo magogo hayatashushiwa. Katika mwaka wa pili au wa tatu chagua shina moja la kuongoza juu na kufupisha yanayoshindana nalo. Samaki mkunje angali mbichi: mkato wa sentimita moja leo unaokoa mkato wa sentimita ishirini baadaye.

Kisha mwite mkataji. Izungushie miche vigingi virefu vyenye kamba ya rangi, tandika mbao mahali magogo yatakapopita ili udongo usishindiliwe, na mwambie akuachie vibanzi vya matawi yenye afya kwa ajili ya matandazo. Vya chini penye uyoga avichukue. Miche iliyozoea kupata kivuli cha sehemu ya siku itapigwa na jua lote kwa ghafla mti mkubwa ukiondoka. Wiki hizo iongezee maji, na mashina membamba yapake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa, upande unaopigwa na jua la alasiri.